Talempong na Gandang: Ala za Waminangkabau katika Okestra

Waminangkabau ni wenyeji wa Sumatra Magharibi, nchini Indonesia. Miongoni mwa ala zao za kupigwa, mbili zimepata nafasi hata penye ala za Ulaya: gandang, yaani ngoma yenye ngozi pande mbili, na talempong, yaani upatu mdogo wa shaba iliyochanganywa na bati au zinki. Gandang iliingia bila taabu. Talempong ililazimika kubadilishwa. Sababu yake ni ya kifizikia.

Uzi wa fidla unaotetema mara 200 kwa sekunde hutoa pia sauti za juu zenye mitetemo 400, 600 na kuendelea. Namba hizi hupatana, na sikio huzipokea kuwa sauti moja. Ngozi ya duara haifuati kanuni hiyo. Ikitetema mara 200, sauti zake za juu huwa karibu 319, kisha 427. Kwa hiyo sikio halipati sauti moja mahsusi, na ngoma haigongani na noti za ala nyingine.

Sauti za juu za talempong nazo hazipatani kikamilifu, lakini nundu iliyo katikati huifanya sauti moja isikike wazi kupita nyingine. Penye sauti mahsusi pana pia uwezekano wa kukosa ulinganifu.

Vijijini kila seti ina mpangilio wake wa sauti. Wachezaji watatu hushika talempong moja au mbili kila mmoja, wakapokezana mapigo hata wimbo mmoja ukatokea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha sanaa cha Padang Panjang, zilianza kutumiwa seti zilizolinganishwa na skeli ya Ulaya ya sauti saba. Kwa njia hiyo talempong iliweza kufuatana na ala za kigeni. Hata hivyo, tofauti zinazoitambulisha seti ya kijiji fulani hazina nafasi katika skeli moja.

Kanuni ya kulinganisha ni hii: kitu kinachotetema kikiongezewa uzito, sauti hushuka, kikiongezewa ukakamavu, sauti hupanda. Wanafunzi waweza kuithibitisha kwa kubandika kidonge cha unga uliokandwa katikati ya ngozi ya ngoma, kisha kulinganisha sauti ya kwanza na ya pili.