Kutengeneza Gitaa la Umeme

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu watakumbuka kwamba muhula uliopita gitaa la bendi ya shule lilivunjika shingo siku tatu kabla ya tamasha la mabweni, ikatubidi tuimbe kwa ngoma na makofi tu. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kama ni kweli kwamba gitaa linalopigwa sasa limetengenezwa hapa hapa Bagamoyo kwa mikono ya wanafunzi. Ni kweli. Mhariri ameniomba nieleze namna lilivyotengenezwa, nami nimekubali kwa furaha. Lakini nitaeleza na kosa langu pia, maana lilikuwa karibu kutupotezea kazi ya likizo nzima.

Kwanza yafaa tujue tofauti ya magitaa haya mawili. Gitaa la kawaida ni sanduku. Uzi ukitikisika hutikisa ubao mwembamba wa juu, na ubao hutikisa hewa, ndipo sikio lisikie. Sanduku lile lataka fundi stadi: ubao ukiwa mnene mno gitaa huwa bubu, ukiwa mwembamba mno hupasuka. Udi wa wapiga taarabu wa Unguja ni hivyo hivyo. Gitaa la umeme si lazima liwe sanduku. Laweza kuwa gogo. Sauti yake huanzia katika sumaku na waya.

Sisi wa Kidato cha Nne tumeyasoma mambo haya katika fizikia, ingawa wengi wetu tuliyasoma kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, umeme huzaliwa ndani ya waya. Katika gitaa sumaku imetulia chini ya nyuzi, na nyuzi za chuma zilizo juu yake hupata usumaku kidogo. Uzi ukitikisika, usumaku unaopita katika koili hubadilika kwa mwendo ule ule. Uzi wa tano hutikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme nao hugeuka mara 110. Umeme huo ni mdogo sana, sehemu tu ya volti moja, lakini amplifaya huukuza na spika huurudisha kuwa sauti. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifai hata kidogo kwa kazi hii. Waya wa breki ya baiskeli, ambao vijana wengi hufungia magitaa yao ya kopo, wafaa kwa kuwa ni chuma. Kifaa chenye sumaku na koili mafundi hukiita pikapu, wala si ile pikapu inayobeba mkaa kutoka Msata!

Mtu aliyelifanya gitaa la gogo kuwa bidhaa ya watu wengi hakuwa mwanamuziki. Leo Fender wa California alikuwa fundi wa kutengeneza redio, na inajulikana kwamba hakujifunza kupiga gitaa maisha yake yote. Mwaka 1950 alianza kuuza gitaa la ubao mzima, na shingo yake ilishikwa kwa skrubu nne tu, kama mguu wa kitanda. Jambo hilo dogo lina faida kubwa, kwa sababu shingo ikiharibika huifungua ukafunga nyingine. Sisi tuliiga skrubu hizo nne, na baadaye mtaona zilivyotuokoa. Magitaa ya umeme yalienea upesi, yakafika na kwetu. Anayetaka kujua yalivyotumiwa na bendi zetu na amsikilize Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979.

Lakini aliyetutia moyo zaidi ni mwanafunzi kama sisi. Mwezi wa Agosti 1963, huko Uingereza, kijana wa miaka 16 jina lake Brian May alianza kutengeneza gitaa pamoja na baba yake, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao za meko ya zamani iliyokuwa ikitupwa, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka katika injini ya pikipiki kuukuu. Alama za shingoni zilikuwa vifungo vya lulumizi kutoka kikapu cha ushonaji cha mama yake, na ncha ya mkono wa kutikisia nyuzi ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia. Kazi ilichukua miaka miwili. Kijana huyo baadaye alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, ng'ambo tu ya maji kutoka hapa tulipo. Mwaka 2002 Brian May alilipiga gitaa lile lile la meko juu ya paa la jumba la Malkia, London. Niliposoma habari hizo niliwaambia wenzangu wawili wa klabu ya fizikia kwamba sisi hatuna meko ya mbao, lakini nina mjomba seremala.

Mjomba wangu hutengeneza milango na vitanda hapa mjini. Alitupa kipande cha mninga kilichobaki katika mlango wa mteja, akasema kimelala juu ya dari ya karakana miaka mitatu. "Huo mmeupata mmoja," alisema. "Mkiuharibu, sina mwingine mkavu." Ukavu ni jambo kubwa katika pwani yetu. Hewa ya bahari ina unyevu, na mbao mbichi huendelea kujipinda hata baada ya kupigwa randa. Nyuzi sita za gitaa zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 45, kama mtoto wa shule ya msingi anayening'inia usiku na mchana. Basi ndani ya shingo tulichimba mfereji tukalaza chuma cha mraba cha dirishani ili kuizuia isipinde. Juu yake tulibandika ubao wa mpingo, unene wa milimita 8, tuliopewa na mchonga vinyago kwa malipo ya kumfagilia kibanda kwa wiki moja. Mpingo ni mgumu na mzito hata huzama majini, na mataifa ya nje huutumia kwa klarineti na zumari zao. Wako wanaobishana sana kuhusu mbao gani inatoa sauti nzuri katika gitaa la umeme. Mimi sikuona tofauti ya kunifanya nikose usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni kipimo.

Freti ni vile vyuma vidogo vilivyokingama shingoni. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti unaufupisha, na sauti hupanda hatua moja. Kutoka sauti moja hadi ile ya juu yake iliyo maradufu ziko hatua 12, na kila hatua lazima izidishe mitikisiko kwa kiasi kile kile, yaani mara 1.0595 hivi. Mafundi wana njia rahisi. Chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817, na jawabu ndiyo nafasi ya freti ya kwanza. Ondoa nafasi hiyo katika urefu, kilichobaki gawanya tena kwa 17.817, na kuendelea. Uzi wetu ni milimita 648. Freti ya kwanza ikawa milimita 36.4 kutoka juu, ya pili milimita 34.3 mbele yake, na nafasi huzidi kupungua, hata freti ya 12 ikaangukia nusu kamili, milimita 324.

Hesabu nilizifanya vizuri. Kosa lilikuwa katika rula. Nilipima freti ya kwanza, nikasogeza rula hadi alama ile nikapima ya pili, nikasogeza tena, hadi zikatimia 20. Kila niliposogeza, unene wa alama ya penseli uliongeza karibu nusu milimita. Nusu milimita ni nini? Mara 12 ni karibu milimita tano. Freti ya 12 ikakaa penye 329. Tukachimba vifereji, tukabandika spoku za baiskeli ziwe freti, tukafunga nyuzi. Kwenye freti tatu za kwanza lilipendeza. Kupanda juu, kila sauti ilikwenda juu kuliko inavyotakiwa, na kwenye freti ya 12 lilikuwa limepotea zaidi ya robo ya hatua. Mpiga gitaa wa bendi yetu alijaribu wimbo mmoja, akaliweka chini polepole, wala hakusema neno. Ningependelea anitukane.

Usiku ule sikulala. Ubao wa mjomba ulikuwa mmoja, na likizo ilikuwa imebaki siku tisa. Asubuhi nililifunika gitaa kwa shuka nikaenda karakana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeleta gitaa au umeleta kuni?"

Nilimweleza. Akaniuliza nilivyopima, nami nikamwonyesha kwa rula. Alitikisa kichwa. "Sisi tukipima mlango hatusogezi futi kila baada ya alama. Futi hukaa pale pale, penseli ndiyo inayotembea." Nilikuwa nimesoma fizikia miaka minne, na jambo hilo nikalipata kwa mtu asiyejua 17.817 ni nini.

Basi skrubu nne zikafunguliwa, shingo ikatoka, na mwili ukabaki salama. Tulizipasha spoku moto kwa chuma cha kulehemu hata gundi ikalegea, tukazing'oa. Vifereji vilikuwa na kina cha milimita moja tu, hivyo tuliuparua mpingo kwa randa hadi vikatoweka. Mpingo hula makali ya randa, na tulinoa zaidi ya tulivyoparua. Kisha tukapima upya, mara hii nafasi zote 20 kutoka sehemu moja ya juu.

Daraja, yaani sehemu ya chini zinapokaa nyuzi, nalo lataka uangalifu. Unapobonyeza uzi unaukaza kidogo, na sauti yake hupanda. Kwa hiyo kila uzi hurefushwa milimita chache kupita 648, na nyuzi nene huzidi nyembamba. Tulitumia kipande cha chuma cha pembe chenye bolti sita, kila uzi na bolti yake, tukasogeza hadi sauti ya freti ya 12 ikawa sawa na ile inayotoka uzi unapoguswa tu katikati bila kubonyezwa.

Pikapu tuliitengeneza kwa sumaku za milango ya kabati na skrubu sita za chuma, moja chini ya kila uzi. Waya, mwembamba kama unywele, tuliutoa katika koili ya relei mbovu. Magitaa ya dukani huwa na mizunguko 7,000 au 8,000. Sisi tulifunga kikunjio kwenye drili ya mkono, ambayo mpini ukizunguka mara moja ncha huzunguka mara nne, tukahesabu mizunguko 1,500 ya mpini. Waya ulikatika mara mbili tukaulehemu. Baadaye koili ilichovywa katika nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, ili waya usitikisike wenyewe ukapiga kelele. Lilipoungwa likavuma kama nyuki, maana koili hudaka umeme wa nyumba unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Dawa tuliyoipata ni kuunga waya kutoka kwenye daraja hadi upande wa chini wa tundu la plagi. Uvumi ulipungua sana, ila haukwisha. Magitaa makubwa huweka koili mbili zinazopingana ili uvumi uuane, jambo aliloligundua Seth Lover mwaka 1955 alipokuwa akifanya kazi Gibson. Hilo tumewaachia Kidato cha Tatu.

Amplifaya yetu ni ndogo, ya betri ya volti 9, yenye chipu ya LM386 na spika ya redio kuukuu. Nawasihi wenzangu msifungue amplifaya kubwa ya umeme wa ukutani bila mwalimu, kwa sababu hata ikiwa imechomolewa huweza kubaki na umeme wa kuua.

Vitu tulivyonunua Kariakoo ni nyuzi, vigingi sita, kirekebisha sauti na tundu la plagi, navyo vilikula fedha zetu zote.

Gitaa limo katika stoo ya klabu ya fizikia. Sisi twaondoka Novemba, baada ya mtihani. Uzi wa kwanza hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari, basi ufuteni kwa kitambaa kikavu kila mmalizapo kupiga. Karatasi yenye nafasi zote 20, zimepimwa kutoka juu, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.