Dawa ya Kichina ya kutia moyo nguvu

Ndugu mfanyakazi, pengine hapa Fizi ao Baraka utauziwa dawa ya Kichina ya kutia moyo nguvu. Moja inaitwa Sheng Mai San. Wachina wanaitumia tangu zaidi ya miaka 700: mzizi wa jinsengi, mzizi wa mai men dong na matunda ya wu wei zi. Wanampa mtu aliyelegezwa na joto, mwenye jasho jingi na kiu.

Lakini jinsengi inaweza kupunguza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikiganda, mtu anaweza kufa. Basi usiache vidonge vya muganga, wala usivichanganye na dawa ya miti bila kumwonyesha paketi yake.

Nawe mama, bwana akiumwa kifua na kuhema, mpeleke hospitali mara moja.