Je, Wajua? Maharamia Wanaotoshea Mezani

Kuna watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao jioni wakipata nafasi hutandika kitambaa cha buluu mezani, hupanga visiwa vya maboksi, kisha huwapiganisha maharamia wa plastiki waliowapaka rangi kwa mikono yao. Sanamu hizo ni nusu ya mchezo tu. Nusu ya pili ni kitabu cha kanuni, kinachoamua nani atangulie, risasi ifike wapi na nani akimbie akiona damu. Vitabu vya aina hiyo ni vingi, na kila kimoja kina haramia wake. Kabla hujachagua, sikia haya.

Baba wa Long John Silver alicheza vita darini

Majira ya baridi ya 1881 kuingia 1882, Robert Louis Stevenson alikuwa Davos, mji wa milimani huko Uswisi, akiuguza mapafu na kumalizia Treasure Island, hadithi yake yenye haramia Long John Silver. Akichoka kuandika, alipanda ngazi hadi darini, akajilaza sakafuni na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, wakapiganisha mamia ya askari wadogo wa bati juu ya ramani ya chaki. Stevenson alikuwa hata akiandika habari za vita hivyo kwa mtindo wa magazeti, na magazeti yenyewe aliyabuni kwa majina. Kwa hiyo hadithi iliyotuachia kasuku begani na ramani ya hazina ilimaliziwa na mtu aliyekuwa akibishana na kijana wa miaka 13 kuhusu nani kampiga nani.

Pambano la mwisho la Blackbeard lingekaa kwenye meza ya chakula

Tarehe 22 Novemba 1718, karibu na kisiwa cha Ocracoke huko North Carolina, haramia aliyeitia hofu pwani nzima alikuwa na watu kama 20 tu. Luteni Robert Maynard wa jeshi la majini la Uingereza alimfuata na watu kama 60 katika mashua mbili zisizo na mzinga hata mmoja. Maynard akawaficha wengi wao chini ya sitaha, Blackbeard akadhani wamekwisha, akarukia chomboni mwao, wakamchomokea. Mwili wake ulikutwa na majeraha 5 ya risasi na kama 20 ya mapanga.

Hesabu hiyo ya watu ni zawadi kwa mchezaji, kwa sababu swali la kwanza katika kuchagua kanuni ni hili: una subira ya kupaka rangi watu wangapi? Zipo kanuni za genge la watu 6 hadi 10, kila mmoja na jina lake na tabia yake, na zipo za vikosi vya watu 40 na zaidi. Anza na genge. Watu 40 ni suruali 40, na viatu 80 kwa waliobahatika kuwa na miguu yote miwili.

Mzinga wa kweli ungepiga hadi nje ya nyumba

Sanamu nyingi za maharamia hutengenezwa kwa kimo cha milimita 28, yaani mtu amepunguzwa takriban mara 60. Meli ya Blackbeard, Queen Anne's Revenge, ilikuwa na urefu wa kama mita 30. Kwa kipimo hicho inakuwa nusu mita, na meza bado inaihimili. Lakini mzinga wake ukilenga shabaha iliyo mita 500, mezani hiyo ni zaidi ya mita 8, na hapo tufe limeshatoka barazani linaelekea kwa jirani. Ndiyo maana karibu kanuni zote hudanganya kwa adabu: watu na meli hupimwa kwa kipimo kimoja, umbali kwa kingine. Wanaochukia udanganyifu huo huenda kwenye michezo ya meli ndogo, kama Black Seas ya 2019, ambayo meli zake zimepunguzwa mara 700. Humo Queen Anne's Revenge ingekuwa na urefu wa kama sentimita 4, ikamezwa na kiganja, nawe utaweza kuendesha msafara mzima wa meli bila kuhamisha makochi.

Upo mchezo wa maharamia usio na dadu hata moja

Unaitwa Freebooter's Fate, umetoka Ujerumani, na kila pigo huamuliwa kwa karata za viungo vya mwili. Mshambuliaji anachagua kwa siri anapopiga, tuseme kichwa na tumbo. Mlinzi naye anachagua kwa siri anapokinga. Karata zikifunuliwa, kiungo kilichosahauliwa ndicho kinachoumia. Anayemjua vizuri mpinzani wake ana faida kubwa kuliko mwenye bahati, jambo linaloufanya uwe mchezo wa hatari kidogo kwa wanandoa.

Shupaza huwahi, pau huchelewa kwa faida

Blood & Plunder, mchezo wa Kimarekani kuhusu maharamia wa karne ya 17 na ya 18, hutumia karata zile zile za kawaida kupanga zamu. Ukitoa shupaza, kikosi chako kinatangulia lakini kinapata vitendo vichache. Ukitoa pau, unangoja wenzako wamalize, kisha unafanya mengi. Basi kila zamu huuliza upya kama ni bora kuwahi au kujiandaa. Kwa mtu aliyekulia kwenye kopa, uru, shupaza na pau, nusu ya kanuni hizi ataziona kama za nyumbani.

Nahodha wako anaweza kubaki mfukoni zamu nzima

Katika Sharp Practice, kanuni za Kiingereza za zama za baruti, kila kiongozi ana kipande chake ndani ya mfuko, na vipande huchopolewa kimoja kimoja bila kuangalia. Ndani ya mfuko huo kimo pia kipande cha kufunga zamu. Kikitoka mapema, kiongozi ambaye hajachopolewa kwa kawaida hatoi amri, hata kama adui amesimama mbele yake anajipangusa jasho. Wapo wasioweza kuvumilia jambo hilo. Mimi naliona ndilo lenye ukweli zaidi katika michezo yote hii, maana makelele, moshi na pombe kali havikumwachia nahodha yeyote raha ya kupanga kila kitu.

Dadu ziliingia vitani kwa mlango wa jeshi

Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia aitwaye von Reisswitz alichapisha mchezo wa kuwafundishia maofisa, wenye ramani, mwamuzi na dadu za kuamulia hasara. Mkuu wa jeshi aliupenda akaupendekeza kwa vikosi. Dadu za maharamia wa leo ni vitukuu vya zile.

“Uhai” wa mashujaa wa kompyuta uliteremka kutoka melini

Ule mstari unaopungua kila shujaa wako anapopigwa kwenye simu una asili ya baharini. Dave Arneson, Mmarekani aliyebuni mchezo wa Dungeons & Dragons pamoja na Gary Gygax mwaka 1974, alieleza kwamba wazo la kuhesabu uhai kwa alama alilitoa katika kanuni zake za vita vya meli. Meli haifi kwa pigo moja. Inabomoka kidogo kidogo. Yeye akampa mtu wa upanga ngozi ya meli. Kabla ya hapo, Arneson, Gygax na Mike Carr walikuwa wameandika pamoja kanuni za vita vya merikebu za matanga, Don't Give Up the Ship!

Hapa pana jambo la kuangalia unapofungua kitabu cha kanuni. Kama haramia wa kawaida anakufa kwa pigo moja na nahodha anahimili matano, umeshika sinema. Kama wote wanakufa kwa pigo moja, umeshika historia, na huna sababu ya kumpa nahodha wako jina refu.

Baharia wa Lamu angewashinda wengi mezani

Merikebu ya matanga ya mraba haikuweza kuelekeza omo yake karibu na upepo kuliko nyuzi 60 na kitu. Chombo chenye tanga la pembe, kama jahazi, hukaribia zaidi. Kwa hiyo katika michezo mizuri ya meli, mwenye kukaa upande wa joshi, upepo unakotoka, ndiye anayechagua lini pambano lianze, na wa demani anabaki kubisha huku na huku akitafuta nafasi. Ukikuta kanuni ambazo meli zote zinakwenda kokote kwa mwendo ule ule, jua umeuziwa motaboti zenye bendera nyeusi.

Kuna meli zinazosema zimeumia kwa kung'olewa mlingoti

Mwaka 2004 kampuni ya WizKids ilitoa Pirates of the Spanish Main: karata za plastiki ambazo unabandua vipande vyake na kuviunganisha hadi ziwe meli. Ukipigwa, unang'oa mlingoti, na kwa kuwa kila mlingoti ni mzinga wako pia, unazidi kunyong'onyea machoni pa wote. Hakuna daftari, hakuna kalamu. Hata mwendo hupimwa kwa ubavu wa karata yenyewe, mrefu au mfupi. Kwa watoto sijui kanuni nyepesi zaidi ya hizi.

H. G. Wells aliwaangusha askari kwa mzinga wa springi

Mwandishi huyo wa hadithi za kisayansi alichapisha Little Wars mwaka 1913, na kwenye jalada akautaja umri wa wachezaji wavulana kuwa miaka 12 hadi 150. Mzinga wake wa kuchezea ulirusha kipande cha mti, na kwa maelezo yake uliweza kumpata askari mara 9 kati ya 10 akiwa umbali wa mita 8 hivi. Aliyeanguka amekufa, hakuna rufaa.

Kanuni za kweli tupu zingekupa mchezo wa dakika moja

Bartholomew Roberts anahesabiwa kuteka vyombo zaidi ya 400 kati ya 1719 na 1722, na vingi havikupigana hata kidogo. Bendera ilipanda, mizinga ikaonyeshwa, mwenye mali akateremsha tanga. Bendera nyeusi ilikuwa chombo cha kuokoa baruti. Kwa hiyo mtunzi wa kanuni hana budi kuanzia pale mambo yalipoharibika: mawindo yamekaidi, au mwindaji ndiye anayewindwa. Kanuni zenye kipimo kizuri cha woga ndizo zinazomkaribia haramia halisi, maana kazi yake kubwa ilikuwa kutisha.

Mwenye mguu wa mti alionekana Komoro

Mwaka 1720, kwenye kisiwa cha Nzwani, meli ya Kiingereza Cassandra ya nahodha James Macrae ilivamiwa na maharamia wa Edward England. Meli mbili zilizokuwa pamoja naye zikatoroka. Macrae alipigana kwa saa kadhaa hadi chombo chake na kile cha adui vyote vikapanda mwamba, vikaendelea kutwangana vikiwa vimekwama. Mwishowe yeye na waliosalia wakakimbilia nchi kavu, ambako wenyeji waliwahifadhi siku kadhaa. Alipojitosa kwenda kuongea na maharamia, inasimuliwa katika kitabu cha karne hiyo hiyo kwamba jitu moja lenye ndevu za kutisha, mguu wa mti na bastola kiunoni lilimshika mkono na kuapa kwamba liliwahi kusafiri naye, na ni mtu mwema. Wakamwachia, tena wakampa meli mbovu ya kuondokea. Miaka michache baadaye Macrae alikuwa gavana wa Madras.

England hakuwa na bahati hiyo. Kwa kumhurumia mateka, watu wake walimvua unahodha, wakamtelekeza Mauritius. Unahodha ulikuwa wa kura, na kanuni chache mno zinakumbuka hilo. Ukipata zilizo na uasi ndani yake, zishike. Na yule kasuku wa Long John Silver? Stevenson anasema alikuwa amesafiri na England, hadi Madagascar.

Mkono wa kulia ulikuwa na bei

Alexandre Exquemelin, aliyekuwa pamoja na maharamia wa Karibi, alichapisha mwaka 1678 viwango vyao vya fidia: sarafu 600 za fedha kwa mkono wa kulia, 500 kwa wa kushoto, 100 kwa jicho. Fidia iliweza kulipwa pia kwa watumwa, 6 kwa mkono wa kulia, na hapo tabasamu linaisha. Kanuni za kampeni, ambazo genge lako linatoka pambano moja hadi jingine na makovu yake, zina mwangwi wa orodha hiyo.

Hazina ya Charleston ilikuwa sanduku la dawa

Mei 1718 Blackbeard aliuzingira mji wa Charleston huko South Carolina, akateka meli na abiria wake, na alichodai ili awaachilie kilikuwa sanduku la dawa. Akaletewa, akaenda zake. Kanuni nyingi hukupa makasha ya dhahabu ya kugombea. Badilisha moja liwe la dawa, mbebaji wake aende nusu mwendo, na mpinzani wako asiambiwe ni lipi.