Kuonesha Skrini ya Simu kwa Simu Nyingine: Msaada wa Mbali Unaohitaji Tahadhari

Kijana aliyehitimu kidato cha sita huko Dirma, katika ukanda wa wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, anataka kuomba mkopo wa elimu ya juu. Maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufanyika kwa njia ya mtandao, na mwenye uzoefu wa kuyajaza katika familia ni dada yake anayeishi Dar es Salaam. Wawili hao wanapigiana simu. Dada anasema, "Bonyeza pale chini." Mdogo wake anaangalia chini na kuona vitufe vitatu. Baada ya nusu saa muda wa maongezi umekwisha, na fomu haijavuka ukurasa wa pili.

Hali kama hiyo ndiyo inayowafanya wananchi wengi kuulizia namna ya kuonesha skrini ya simu janja moja kwenye simu nyingine. Huduma hiyo ipo, haina malipo ya ziada zaidi ya kifurushi cha intaneti, na kwa watu wengi imo tayari ndani ya simu wanazozitumia. Hata hivyo, njia hiyohiyo inayomwezesha dada kumsaidia mdogo wake ndiyo inayotumiwa na matapeli kusoma namba za siri na kuhamisha fedha za watu. Ni muhimu mwananchi aelewe inavyofanya kazi kabla ya kuitumia.

Njia iliyo karibu zaidi na watumiaji wengi nchini ni WhatsApp, ambayo iliongeza uwezo huo kwenye simu za video mwaka 2023. Wahusika wawili huanza kwa kupigiana simu ya video ya kawaida. Wakiwa hewani, yule anayetaka kuonesha simu yake hubonyeza alama ya kushiriki skrini, ambayo huwa na umbo la simu lenye mshale. Katika baadhi ya matoleo alama hiyo hufichwa nyuma ya vitone vitatu. Simu humtahadharisha kwamba kila kitakachoonekana kwenye kioo kitamfikia mwenzake, kisha humtaka athibitishe. Akikubali, anaweza kutoka WhatsApp na kufungua ukurasa wa fomu, huku mwenzake akiona kila anachokifanya na sauti zao zikiendelea kusikika. Programu ya Google Meet nayo ina uwezo huo, na wenye simu za iPhone pande zote mbili wanaweza kutumia FaceTime.

Kinachotokea ndani ya simu ni rahisi kukieleza. Simu hupiga picha za kioo chake mfululizo, huzibana ili ziwe nyepesi, kisha huzituma kama video. Kwa hiyo anayepokea huona picha tu. Kwa WhatsApp, hawezi kubonyeza kitufe wala kuandika herufi kwenye simu ya mwenzake. Vilevile, kwa kuwa zinazosafiri ni picha za mfululizo, matumizi ya intaneti yanakaribiana na ya simu ya video, na mahali penye mtandao hafifu picha huganda au maandishi huwa na ukungu. WhatsApp ina sehemu kwenye mipangilio ya kuchagua matumizi madogo ya data wakati wa simu. Pale ambapo tatizo ni kutokuelewa ukurasa mmoja tu, picha ya skrini iliyotumwa pamoja na ujumbe wa sauti hutosha, na hugharimu kifurushi kidogo zaidi.

Wapo wanaotaka kuunganisha simu mbili zilizo chumba kimoja bila intaneti, kwa mfano afisa ugani anayetaka wakulima waliokaa upande wa pili waone picha za ugonjwa wa mahindi kwenye kioo kingine. Mfumo wa kurusha picha kwenye runinga uliomo katika simu nyingi hausaidii sana hapa, kwa sababu simu nyingi zimeundwa kutuma picha hizo na si kuzipokea. Zipo programu zinazofanya kazi hiyo. Simu ya kwanza huwasha mtandao wake wa kushirikisha wengine, ya pili hujiunga, kisha programu hutoa anwani ambayo simu ya pili huifungua kwenye kivinjari. Picha husafiri kati ya simu hizo mbili bila kugusa kifurushi. Kwa mikutano ya watu wachache, lakini, kupokezana simu mkononi bado ni haraka kuliko yote hayo.

Suala linalohitaji uangalifu zaidi ni maana ya maneno "kila kitakachoonekana". Mtu akionesha skrini nzima, haoneshi fomu ya mkopo peke yake. Ujumbe mfupi ukiingia, maneno yake hujitokeza juu ya kioo na mwenzake huyasoma. Akifungua orodha ya picha ili kupakia cheti cha kuzaliwa, picha nyingine za familia huonekana pia. Akipiga menyu ya huduma za fedha kwa nyota na reli, salio huonekana, na katika simu nyingi hata tarakimu za namba ya siri huonekana zinavyoandikwa. Baadhi ya programu za benki huzuia jambo hili kwa kugeuza kioo kuwa cheusi upande wa mtazamaji, lakini ulinzi huo haupo kwenye kila programu.

Baadhi ya watumiaji hujiona salama kwa kuwa WhatsApp inaeleza kwamba mawasiliano yake yamefungwa kwa usimbaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Maelezo hayo ni ya kweli, na maana yake ni kwamba mtu wa kati hawezi kuyaona mawasiliano hayo njiani. Usimbaji haumzuii yule aliye upande wa pili wa simu, kwa sababu yeye ndiye aliyefunguliwa mlango. Anaweza kuona, kuandika pembeni, au kurekodi kwa simu nyingine bila mwenye skrini kufahamu.

Hapo ndipo tapeli anapopitia. Wananchi wengi wameshauzoea na kuupuuza ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Utapeli wa skrini una sura ya heshima zaidi. Mpigaji hujitambulisha kuwa ni mtumishi wa benki, wa kampuni ya simu au wa ofisi ya umma. Anasema kuna tatizo kwenye akaunti, kuna ruzuku inayosubiri kuthibitishwa, au jina la mtoto limekosewa kwenye maombi. Kwa upole anapendekeza wahamie kwenye simu ya video ili "amsaidie kurekebisha", kisha anamwelekeza mwananchi abonyeze alama ya kushiriki skrini.

Hana haja ya kuuliza namba yoyote ya siri, na hilo ndilo linalowachanganya waliofundishwa kutotaja namba ya siri kwa mtu. Wakati mazungumzo yakiendelea, tapeli huchukua simu yake nyingine na kuanza kusajili WhatsApp kwa namba ya mwananchi huyo. Mfumo hutuma msimbo wa tarakimu sita kwenye simu ya mwenye namba. Msimbo unajitokeza juu ya kioo, tapeli anausoma kupitia skrini iliyo wazi, anauandika kwake, na akaunti inahama. Muda mfupi baadaye ndugu na jamaa wanaanza kupokea ujumbe wa kuombwa fedha kutoka kwa mtu wanayemwamini. Hali ni hiyohiyo kwa misimbo ya benki inayotumwa kuthibitisha muamala. Mwathirika anaweza kuapa kwamba hakumtajia mtu namba yoyote, na akawa anasema kweli.

Kuna aina ya pili iliyo hatari zaidi, na haipaswi kuchanganywa na ya kwanza. Programu kama AnyDesk na TeamViewer zilitengenezwa kwa kazi halali ya mafundi wa kompyuta kuhudumia vifaa vilivyo mbali. Tofauti na kushiriki skrini kwa WhatsApp, programu za aina hii zikipewa ruhusa zinaweza kumwezesha mtu wa mbali kuiendesha simu yenyewe: kubonyeza, kuandika na kufungua programu. Mwananchi akiombwa na mpigaji asiyemfahamu apakue programu ya namna hiyo na kumsomea namba inayojitokeza, akate simu mara moja.

Watengenezaji wa mifumo wameanza kuchukua hatua. Mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Meta ilitangaza kwamba WhatsApp itaonesha onyo pale mtumiaji anapotaka kushiriki skrini na mtu asiyekuwa kwenye orodha yake ya majina wakati wa simu ya video. Simu zenye Android 15 huficha arifa zenye misimbo ya uthibitisho wakati skrini inashirikishwa. Simu nyingi mpya pia humruhusu mtumiaji kuchagua kuonesha programu moja badala ya kioo kizima, na hilo ndilo chaguo bora kwa anayejaza fomu. Toleo la simu hupatikana kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu. Ikumbukwe kwamba simu nyingi zinazonunuliwa zikiwa zimetumika zina matoleo ya zamani yasiyo na kinga hizo, hivyo mwenye simu atalazimika kujilinda mwenyewe.

Kujilinda kunaanza na swali la nani amempigia nani. Mdogo mtu wa Dirma akimpigia dada yake kwa namba anayoifahamu, msaada ni halali. Ombi la kushiriki skrini likitoka kwa mpigaji, hata akiwa na jina na cheo, lina walakini. Kampuni za simu nchini hutumia namba 100 kuwasiliana na wateja, na huduma ya kurekebisha taarifa haihitaji kuona kioo cha mwananchi. Kabla ya kuanza, arifa zizimwe kwa kuwasha hali ya usisumbue, na programu zisizohusika zifungwe. Unapofika wakati wa kuandika nywila, kulipa au kusubiri msimbo, skrini isitishwe kwanza, hatua hiyo ikamilishwe faraghani, kisha msaada uendelee. Anayesaidia kwa nia njema hatachukizwa na kusubiri dakika mbili. Vilevile, kila mtumiaji wa WhatsApp anashauriwa kuweka uthibitisho wa hatua mbili kupitia sehemu ya akaunti kwenye mipangilio. Namba hiyo ya ziada huchaguliwa na mwenye akaunti na haitumwi kwa ujumbe mfupi, hivyo tapeli aliyesoma msimbo wa tarakimu sita bado hukwama.

Tahadhari hii haihusu fedha za mtu mmoja pekee. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa huwa na majina, namba za simu na michango ya wanachama kwenye simu yake. Mtendaji wa kijiji anaweza kuwa na orodha za kaya. Anapoonesha skrini yake, anaonesha taarifa za watu ambao hawakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wengine kuzilinda. Kwa upande wa matapeli, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini na kufanya udanganyifu kwa njia ya mtandao ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mwananchi aliyekwisha kuonesha skrini yake na kuingiwa na shaka afanye haraka. Akate simu, kisha azime intaneti. Iwapo alipakua programu kwa maelekezo ya mpigaji, aiondoe. Namba za siri za huduma za fedha zibadilishwe, na iwapo fedha zimehamishwa, apige namba 100 ya mtandao wake au benki yake kuomba muamala uzuiwe, kisha aripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Namba iliyotumika kutapeli hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kwa kubonyeza *106#, mwananchi anaweza pia kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa na kutambua kama ipo asiyoifahamu.

Akaunti ya WhatsApp iliyochukuliwa inaweza kurejeshwa. Mwenye namba huifungua upya programu na kusajili namba yake. Msimbo huja kwenye laini yake, na akishauandika, aliyeiteka akaunti hutolewa. Iwapo tapeli amewahi kuweka uthibitisho wa hatua mbili, mwenye namba hulazimika kusubiri siku saba kabla ya kuingia bila namba hiyo. Katika kipindi hicho ndugu na marafiki wapigiwe simu ya kawaida na kuelezwa kwamba maombi yoyote ya fedha yanayotoka kwenye akaunti hiyo hayatoki kwake.