Jicho Kavu na Namna ya Kulipima

Kuanzia Juni hadi Septemba, mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa inapochanua, wakulima huipulizia salfa ili kuikinga na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaokausha maua kabla hayajazaa. Vumbi hilo la manjano halibaki mitini. Huchukuliwa na upepo wa kiangazi likaingia machoni mwa wapulizaji, na hata mwa watoto wapitao mashambani waendapo shule. Jioni macho huwasha, huwa mekundu, nayo hutiririka machozi. Je, jicho linalotiririka machozi laweza kuitwa kavu? Laweza, na hapo ndipo penye fumbo la maradhi haya.

Uso wa jicho hufunikwa na utando wa machozi, mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi. Chini kabisa mna ute uyafanyao maji yatande juu ya kioo cha jicho. Juu yake mna maji yenye chumvi na protini, yatokayo katika tezi za machozi. Na juu kabisa mna mafuta yazuiayo maji yasikauke upesi. Mwalimu aweza kuonyesha kazi ya ule ute bila kugusa jicho la mtu. Achukue vipande viwili vya kioo, kimoja kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa hadi kitakate, kingine kipakwe mafuta kidogo. Maji yatatanda juu ya cha kwanza, bali juu ya cha pili yatajikunja kuwa matone. Jicho lenye ute haba hufanana na kile cha pili. Utando ukipasuka, neva za kioo cha jicho huchokozwa, nazo tezi hujibu kwa kumwaga machozi mengi kwa ghafula. Hayo huteremka shavuni tu. Hayatengenezi utando wa kudumu.

Kwa sababu hiyo tabibu hatosheki na kuulizia machozi. Kipimo kinachojulikana zaidi ni kile alichokieleza Otto Schirmer, daktari Mjerumani, mwaka 1903. Utepe wa karatasi ya chujio, upana milimita 5 na urefu milimita 35, hukunjwa ncha ukaning'inizwa ndani ya kigubiko cha chini, upande wa nje. Baada ya dakika 5 hupimwa urefu uliolowa. Ukiwa chini ya milimita 5, upungufu wa machozi hudhaniwa sana; ukizidi 10, kwa kawaida tezi zafanya kazi yake. Ni kipimo rahisi mno, lakini kina kigeugeu: karatasi yenyewe huchokoza jicho, na mtu yuleyule aweza kutoa majibu tofauti leo na kesho. Ndiyo maana mara nyingine jicho hutiwa kwanza dawa ya ganzi.

Kipimo cha pili hutumia floresini, rangi ing'aayo kijani chini ya mwanga wa buluu. Mgonjwa hupepesa, kisha huacha macho wazi, naye mpimaji huhesabu sekunde hadi doa jeusi la kwanza litokee katika utando. Zisipotimia 10, utando huhesabiwa kuwa dhaifu. Rangi hiyo hufichua pia mikwaruzo na vidonda, kwani huvishika. Yafaa kipimo hiki kitangulie kile cha karatasi, la sivyo jicho litakuwa limekwisha kuchokozwa. Nao upepo wa dirishani uzuiwe. Siku hizi zipo pia mashine zipimazo ukali wa chumvi katika tone dogo la machozi, ila bei yake si ya kila hospitali.

Hata hivyo, kujua kwamba jicho ni kavu si kujua sababu. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyosumbuliwa na vikope, yaani trakoma. Bakteria wake huacha makovu ndani ya kigubiko cha juu. Makovu huziba tezi na kuzigeuza kope zikwaruze jicho. Huyu hapimwi kwa karatasi peke yake: kigubiko hupinduliwa na kukaguliwa kwa lenzi ya kukuza, kwa kufuata dalili zilizopangwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1987. (Kongwa, mwenzi wa Nachingwea katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, imekuwa uwanja wa utafiti wa vikope kwa miaka mingi.)

La hatari zaidi ni ukavu wa mtoto aliyekosa vitamini A. Huyo hujikwaa magharibi giza linapoingia, na penye weupe wa jicho huweza kuonekana mabaka kama povu, yaliyoelezwa na Mfaransa Pierre Bitot mwaka 1863. Hapo kungojea vipimo ni kupoteza jicho. Hupewa vitamini mara moja. Uchunguzi wa Foster na Sommer, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kuwa surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zitiwazo machoni vilichangia vidonda vya kioo cha jicho kwa watoto wa Tanzania.

Vipimo hivi ni vya mikono iliyofunzwa. Wanafunzi wasivijaribu machoni pao. Aliyeingiwa na salfa asifikiche, bali aoshe jicho kwa maji safi mengi, na siku ya pili avae miwani ya kinga na kupulizia akiupa upepo mgongo. Mwanga ukimwumiza, uoni ukififia, au doa jeupe likitokea juu ya mboni, aende hospitali siku hiyohiyo.