Mtandao umekatika na vifurushi vimegoma kuingia? Usifute chochote kwanza

Unaunganisha malipo yetu kwenye mfumo wa hoteli Diani au duka Msambweni. Umeandika npm install, mtandao unapotea katikati, na skrini inajaa mistari myekundu. Wengi hufuta folda ya node_modules na faili ya package-lock.json ili waanze upya. Hapo shida ndogo hugeuka kubwa: vilivyokuwa vimeshaingia vimeenda, na huna bando la kuvirudisha.

Haya hutokea. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Kenya na Tanzania. Nyaya hizo hutua Mombasa, lakini ukaribu huo haukumwokoa mtu wa Kwale.

Soma kosa kwanza

- ENOTFOUND au EAI_AGAIN: kompyuta haijapata anwani ya seva. Mara nyingi shida ni mtandao, si kodi yako.
- ENOTCACHED: kifurushi ulichoomba hakiko kwenye akiba ya kompyuta yako.
- ERESOLVE: vifurushi vinataka matoleo yasiyopatana. Hata mtandao ukirudi, kosa litabaki. Rekebisha matoleo; usikimbilie --force.

Mtandao ukiwa haupo

Jaribu:

npm install --offline

Amri hii hutumia vifurushi ulivyowahi kupakua. Epuka npm ci kwa wakati huo, maana huanza kwa kufuta node_modules yote.

Jiandae mtandao ukiwepo

Kabla hujatoka Ukunda kwenda kwa mteja Lunga Lunga, sakinisha mradi wote mara moja ili akiba ijae. Kwa Python, pakua vifurushi kwenye folda:

pip download -d akiba -r requirements.txt

Ukifika kusiko na mtandao:

pip install --no-index --find-links=akiba -r requirements.txt

Pakulia kwenye kompyuta yenye mfumo na toleo la Python sawa na ile utakayotumia.

Kwa nini tunasisitiza?

Faili ya package-lock.json hutunza matoleo kamili uliyoyajaribu. Ukiifuta, mtandao ukirudi unaweza kupata matoleo mengine, na mfumo atakaoutumia keshia si ule ulioujaribu. Hapo pesa ya mteja inaweza kukatwa na risiti isitoke. Ikibidi matoleo yabadilike, rudia majaribio yote kwenye mazingira ya majaribio kabla ya kupokea hata shilingi moja.

Pia, usikubali node_modules ya flashi kutoka kwa mtu usiyemjua. Kodi hiyo inaweza kusoma funguo zako za malipo.

Na kumbuka: vifurushi kuingia bila mtandao hakumaanishi malipo yatapita. Ombi la malipo lazima litufikie, kwa hivyo jaribio hilo lingoje mtandao urudi.