Oili ya Gia kwa Land Rover Yetu

Wanachama wengi wameuliza sababu ya gari la chama kusimama siku tisa katikati ya msimu uliopita. Karafuu mbichi zikilala ndani ya magunia hupata joto na kuharibika, na wako waliopata hasara. Basi ni haki yenu kuelezwa.

Gari lenyewe ni Land Rover ya mwaka 1968. Tulilinunua Mpuguso, wilaya ya Rungwe, kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akipakilia ndizi kwenda Tukuyu. Mzee yule alituusia neno moja: "Wanangu, kwenye giaboksi tieni GL-4, msitie GL-5." Tuliitikia, tukaondoka, tukasahau.

Tulipofika kisiwani fundi alitia GL-5, kwa kuwa tano imezidi nne. Nasi, hatufichi, tuliona vivyo hivyo. Kumbe namba hizo hazipangi ubora, zinaeleza kazi. GL-5 imekusudiwa khasa difu zenye meno yasuguanayo kwa nguvu nyingi, kwa hiyo hutiwa dawa nyingi zaidi ya salfa na fosforasi. Giaboksi ya gari kama letu ina bushi na pete za shaba, na baadhi ya dawa hizo zikipata moto huila shaba. Tena pete zile, ambazo katika gari letu zipo kwa gia ya tatu na ya nne tu, hufanya kazi kwa kushika. Oili ikiteleza kupita kiasi hazishiki sawasawa, na gia husaga. Letu lilianza kusaga gia ya tatu, likaishia kukataa.

Gia ya kwanza na ya pili hazina pete hizo. Zikilia, mlaumuni dereva kwanza: akanyage klachi mara mbili.

Sasa tumetia GL-4 ya 80W-90. Hiyo 80W ni wepesi wake penye baridi, jambo lenye maana zaidi kwa asubuhi za Mpuguso kuliko kwetu. 90 ni uzito wake ikishapata moto. Msidhani 90 hiyo ni nzito maradufu ya 40 ya injini, maana vipimo ni mbali mbali na uzito wao hukaribiana. Giaboksi huchukua kama lita 1.5, na kisanduku cha gia za pili, chenye oili yake peke yake, kama lita 2.5. Pimeni vyote viwili, kwani sili ikichoka oili huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Difu zinaweza kubaki na GL-5.

Mwageni oili ingali moto, gari likiwa mahali tambarare. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Yetu ilitoka na vumbi la shaba linalometameta. Tumeiweka katika chupa ofisini, na mwanachama yeyote aweza kuja kuitazama.